Muhuri wa Bwana Shekue

Miaka thelathini Bwana Shekue, ofisa wa ushuru, hakuwahi kutoza kitu asichokigonga muhuri: gunia, ngozi, hata paja la ng'ombe. Leo serikali ilimtuma kwenye kampuni mpya ya kompyuta. Alisimama katikati ya mitambo inayovuma, muhuri mkononi.

"Bidhaa yenu iko wapi, mama?"

"Ni mvua, baba," alijibu Nambua, mwenye kampuni. "Tunawauzia wakulima habari zake kabla haijanyesha. Ya leo inafika saa kumi na dakika tano."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika nne. Nje jua kali, kiwingu kimoja tu. Shekue akacheka, akautoa nje ya dirisha mkono ulioshika muhuri.

Tone la kwanza likaangukia muhuri. Hakuurudisha mkono.