Bweha wa Hadithi ya Baba

Ghita alipomwona ami yake akivua viatu mlangoni, aliropoka, "Baba, huyu ndiye yule bweha aliyemaliza dirhamu zake zote sokoni?"

Baba yake alikuwa ndio kwanza anamalizia hadithi ya bweha mfujaji na kalunguyeye aliyeweka akiba. Akajifanya anapuliza chai. Mvuke wa nanaa ukatia ukungu miwani yake.

Ami akacheka, akaketi. "Ndiye mimi, mwanangu. Na kalunguyeye je?"

"Alinunua punda! Bweha akalala njaa."

"Haya. Baba amekwambia kalunguyeye alisomeshwa na nani?"

Ghita akamgeukia baba yake.

Baba akavua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya kanzu, kisha akamsogezea kaka yake glasi ya kwanza.

"Msimulie wewe," akasema. "Mimi hapo huwa naparuka."