Bati la Harambee

"Nimelinunua, na nimelirudisha! Liuzwe tena!"

Umati ulipasuka kwa vigelegele. Ilikuwa mara ya tatu Muema kulinunua bati lile lile na kulirudisha mnadani, kama wanavyofanya wakubwa kwenye harambee. Pesa zenyewe hazikuwepo. Zilikuwa ahadi. Kila mtu siku hiyo alikuwa ameahidi, na kila ahadi ilipigiwa ngoma.

Harambee ilikuwa ya kuezeka darasa la watoto wadogo pale kanisani Masii. Kesho yake waumini wangemchagua mwenyekiti wa maendeleo, na Muema aliutaka uenyekiti huo hadi usingizi ukamkimbia.

"Bati lenyewe limezeeka!" alidakia Mbinya, muuza mboga, huku akicheka. "Lina matundu ya misumari, na upande mmoja limeiva kwa moshi. Muema, si duka lako limejaa mabati mapya?"

"Mwaitu, mama yangu, lile ni duka. Hii ni harambee!"

Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Muema naye alicheka. Alijiona mcheshi kweli kweli.

"Kwani nani alilileta?" aliuliza.

"Tulilikuta asubuhi limeegemezwa mlangoni," Kimotho, mshereheshaji, alijibu kwa kipaza sauti. "Na ndicho kitu pekee tulichopata cha kupiga mnada. Nyinyi wengine mmekuja na midomo tu!"

Kicheko tena, ngoma tena. Muema akapanda dau, akashinda mara ya nne. Hapo wazo likamjia, tamu kama muwa.

"Safari hii silirudishi!" alinguruma. "Nampa Ngina!"

Vichwa viligeuka. Ngina, mjane, alikuwa ameketi nyuma kabisa.

"Upepo umembomolea jikoni. Nimepita leo nikaona pengo kwa macho yangu!"

Ngina alisimama haraka, akamgeukia Muema. "Hapana, baba Wendy. Hilo limeshatolewa kwa watoto. Liacheni hapo."

"Watoto wana ahadi yangu! Usione haya, mama."

"Sioni haya. Nimesema liacheni."

"Jamani, unyenyekevu gani huu!" Kimotho alipaza sauti, na simu zikainuliwa kumpiga picha.

Basi bati likabebwa juu juu kama bibi harusi. Walicheza nalo kupita sokoni, wauza maembe wakaacha biashara na kujiunga, mtu akapiga filimbi, Mbinya akakata kiuno mpaka leso ikamdondoka. Ngina alifuata nyuma, mikono kichwani. Walidhani ni furaha.

Walipofika jikoni kwa Ngina, Muema alikataa kusaidiwa. Alipanda ngazi mwenyewe, nyundo mkononi, akisimama kila kipago ili simu zimpate vizuri.

"Kesho mjue mnamchagua nani!" alipiga kelele, na kule chini wakamwitikia.

Akalisukuma bati kwenye pengo. Halikuhitaji kukatwa wala kupindwa. Lilitulia pale, upande wa moshi ukiangalia mafiga, kingo zake zikiingia chini ya mabati jirani kama mkono ndani ya mfuko wake.

Muema alichukua msumari, akatafuta pa kugonga. Kila tundu la bati lilikuwa limekaa juu ya tundu la msumari kwenye ubao wa paa.

Nyundo ilibaki hewani.

"Sasa, baba Wendy," Ngina alimwambia kutoka chini, "mimi nitakuwa nimetoa nini?"