Vipimo vya Suti

Mama Fundi alikuwa amekwisha kukata miguu ya suruali kabla mumewe hajamaliza chai.

"Polepole, mama watoto," mumewe alisema. "Haraka haraka haina baraka."

"Miaka sita nimekwenda polepole! Juzi bunge limeanza kujadili kufuta kitanzi, na leo barua hii. Mwanao anarudi, Mzee Stoo."

Majirani walimbandika jina hilo kwa sababu alikuwa akisema alistaafu akiwa mtunza stoo wa gereza kuu. Sasa mtoto wake wa pekee alikuwa humo humo, amehukumiwa kifo. Watu walipobishana kibarazani kama mwuaji auawe au aachwe ajute, Mzee Stoo hakuwa na upande. Aliinuka tu akaenda kunawa mikono. Mkewe alidhani ni mazoea ya vumbi la magunia.

Mama Fundi aliisoma barua tena kwa sauti. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni.

"'Mama, leo bwana jela kaja na futikamba. Kanipima urefu, kanipima shingo; namba nimeziandika hapo chini. Hakusema ni za nini, lakini alikuwa mpole mno, hata kaniuliza natamani kula nini.' Unasikia? Wanampimia nguo za kutokea! Hao si watamshonea gunia? Mwanangu hatoki na nguo za serikali na mama yake ni fundi."

Kwa fundi, anayepimwa anashonewa. Miaka thelathini kwenye cherehani hakuwahi kuona mtu akipimwa kwa jambo jingine.

Mzee Stoo aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika sahanini.

"Walimpima na uzito?"

Mkewe alipitisha kidole kwenye barua, kisha akaangua kicheko. "Eti wamempandisha kwenye mizani! Fundi gani huyo anashona kwa kilo? Wewe umejuaje?"

"Barua ni ya lini?"

"Ya juzi, Jumatatu. Kesho naipeleka suti mwenyewe. Hebu acha maswali, njoo unishikie kitambaa."

Alikuja, akashika. Mama Fundi alichukua chaki na kuchora kola, akirudia namba za baruani kwa kunong'ona. Alikuwa amekonda sana mwanawe, maskini, lakini chakula cha nyumbani kingemrudisha.

"Hapa nitamwachia nafasi kidogo," alisema. "Tangu utotoni hapendi kubanwa shingo."

Mzee alikibana kitambaa kwa mikono yote miwili. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi gerezani, hakuwahi kuingia stoo hata siku moja. Shingo kumi na tisa alizipima yeye, kila moja jioni, ili asubuhi yake kamba isikosee.