Baraka za Nyanya wa Wusi

Nyanya alijaza mdomo pombe ya miwa, akampulizia daktari mgeni usoni, pwaa!

Wino ukatiririka kwenye karatasi zake. Daktari huyo alikuwa mmoja wa madaktari watatu, wa Kenya, Uganda na Tanganyika, waliozunguka kulinganisha zahanati za nchi zao. Itakayoonekana duni ingefungwa.

Danson, mtoa dawa wa zahanati ya Wusi, akasogea karibu. Bila zahanati hii, wagonjwa wangebebwa kwa machela hadi mji wa mbali wa Voi.

"Huyu mama ana wazimu?" daktari akauliza, matone yakining'inia kwenye masharubu.

Ilikuwa rahisi kujibu ndiyo. Danson akautazama mguu wa nyanya, ule ambao yeye mwenyewe aliusafisha kidonda kwa miezi saba. Leo ulisimama wima, bila mkongojo.

"Hapana, bwana. Huyu ni nyanya yetu, na hivi ndivyo sisi Wadawida, watu wa milima ya Taita, tunavyobariki. Anaomba mikono yako iponye watu."

"Mjukuu wangu," nyanya akadakia kwa Kidawida, kibuyu cha pombe kikiwa karibu na mdomo, "mwambie asijifute. Bado mgongo."

Danson akatafsiri neno kwa neno, kichwa juu.

Daktari akaweka kalamu chini. Akavua koti, akamgeuzia nyanya mgongo apuliziwe.