Zabibu Kwenye Kofta

Tangu alfajiri Filomena alikuwa akikoroga mchuzi wa Jumapili, kama mama yake alivyomfundisha hapahapa Newark, Marekani. Sasa binamu yake, aliyewasili jana kutoka Italia, alizisukuma kofta, yale madonge ya nyama, pembeni ya tambi kwa ncha ya uma.

"Nyama juu ya tambi, dada? Hiki chakula cha Wamarekani. Kwetu hakipo."

"Onja kwanza ndipo ubwabwaje!"

Binamu alitia kofta moja mdomoni ili kumridhisha tu, kisha akaacha kutafuna. Akatoa zabibu kavu kwenye ulimi, akaitazama.

"Bibi yetu alikuwa akiweka hizi," alisema polepole. "Alipokufa, hakuna aliyejua tena kupika kofta zake."

Filomena aliikamata sahani aiondoe. Binamu akaing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Lete hapa! Si umesema ni cha Wamarekani?"