Sanda ya Kobe

Anayedhani seli ya ubongo na seli ya ngozi hustahimili sumu ya oksijeni, yaani moshi wa moto uwakao ndani ya kila seli, sawasawa, asikie yaliyompata Ngedere.

Kijijini kwao moto wa jikoni haukuzimwa kamwe, kwani ukizimika, mwenye nyumba hufa. Kobe alikoka moto mdogo, na kila asubuhi alifagia masizi darini. Ngedere, mwenye akili kuliko wote, alikoka moto mkubwa kuliko wote, na ufagio hakuwa nao.

"Bwana Ngedere, dari yako imekuwa nyeusi," Kobe alimwonya.

"Mzee wangu, mimi nafikiri kwa niaba ya kijiji kizima. Nitafagia saa ngapi?"

Siku moja nyika iliungua, moshi ukaingia kila nyumba. Ulipotulia, Bi Kanga alipiga yowe: "Jamani, mzee wetu Kobe hawezi kuwa amepona!" Wakakata sanda kwa kipimo chake, wakaingia kwake bila hodi, maana maiti haitikii.

Kobe alikuwa amesimama, ufagio mkononi.

"Siku hizi hampigi hodi?" akauliza, akiitazama sanda.

Wakakimbilia kwa Ngedere awaeleze maajabu hayo. Wakamkuta amelala chali kando ya jiko lake, amekufa.

"Lakini moshi ulikuwa huo huo!" Kanga akalia.

"Kwangu ulikuta nafasi," akasema Kobe, aliyewafuata polepole. "Kwake ulikuta nyumba imeshajaa moshi wake mwenyewe."

Wakamfunika Ngedere ile sanda. Ilimfika kiunoni.