Gesi ya Mayai Viza

Chupa ilikuwa imetulia tuli, haina povu hata la dawa.

Mwalimu wa kemia aliitazama mpaka macho yakamuuma. Vipande vya salfaidi ya chuma vimo ndani, asidi ameshaimimina, na fomula iko ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Kilichokosekana ni gesi yenyewe. Na leo ndiyo siku ya mkaguzi: jaribio likikubali, binti wa watu anathibitishwa kazini; likikataa, anafungasha virago. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Mkaguzi aliketi nyuma kabisa, peke yake. Alichelewa kuingia, maana mkuu wa shule alimkaribisha maharage kwanza, na mgeni yule hakuwa mtu wa kuvunja watu moyo. Sasa alikuwa amelegeza mkanda, kalamu mkononi.

"Gesi husambaa," mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Aliye karibu na chanzo huisikia kwanza, wa mbali baadaye. Hii tutaijua kwa harufu yake, kama ya mayai viza. Tusubiri."

Wakasubiri. Chupa ikanyamaza vilevile. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mara wanafunzi wa dawati la nyuma wakaziba pua. Kisha wa katikati. Hatimaye hata wa mbele wakaanza kukohoa na kucheka, na mwalimu mwenyewe akaisikia: mayai viza, hakuna ubishi! Mungu si Athumani. Machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Safi sana!" Mkaguzi alikuwa ameshasimama. "Harufu nimeisikia mwenyewe. Jaribio limefaulu. Hebu fungueni madirisha!"

"Samahani, mwalimu," akasema msichana wa dawati la nyuma, ambaye wenzake walimpachika jina la Kwanini. "Mbona sisi wa huku ndio tuli—"

"Maswali baadaye, binti yangu!"

Mkaguzi alitia saini wima wima, akampa mwalimu mkono wa pongezi, akatoka huku akijifuta jasho. Mwalimu aliikumbatia ile karatasi kama mtoto mchanga.

Mlangoni mkaguzi alipishana na mtunza maabara, aliyeingia akihema, kichupa mkononi.

"Nisamehe, mwalimu wangu. Asidi ndiyo hii. Ile niliyokuwekea mezani asubuhi ni maji."

Darasa zima likageuka kukitazama kiti cha nyuma.